Kabla hujauza kiwanja, soma barua ya chuo

Jumanne moja mwezi uliopita nilifika Busia, upande wa Uganda, kuandika habari za ushuru wa mahindi. Sikuiandika. Kabla hata sijafika kwenye ofisi za forodha, mama mmoja muuza mukene alinishika mkono. Tunafahamiana tangu siku nilipokuwa nikivusha viatu vya mitumba, kabla sijashika kalamu.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ulikimbia Marekani. Hebu nisomee barua hii."

Barua ilikuwa imechapwa kwenye mkahawa wa intaneti na kukunjwa mara nne. Ilitoka chuo cha jamii kimoja katika majimbo ya katikati ya Marekani. Kilikuwa kikimpa binti yake wa miaka 19, mkimbiaji wa mita 3,000, nafasi katika timu ya mbio za nyika. Dalali aliyewaletea habari hiyo alisema kila kitu kimelipwa, kwa hiyo kazi yake ya kufuatilia iligharimu dola 2,500 tu. Mama alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja chake cha futi 50 kwa 100, na walikuwa wakae kuandikishana Ijumaa.

Niliisoma barua mara mbili. Chuo kiliahidi karo, ada na vitabu. Neno kitanda halikuwamo, wala neno chakula. Nikaomba niketi juu ya gunia, kwa sababu barua ya namna hiyo niliwahi kuipata mimi mwenyewe, nikaisoma haraka, na ikanigharimu miaka sita.

Ndugu msomaji, kama umerudi nyumbani kutoka ughaibuni unajua jinsi watu wanavyokutazama mikononi kabla ya kukutazama usoni. Na kama unafanya biashara mpakani unajua kwamba mzigo ambao hukuuhesabu mwenyewe si mzigo wako. Makala haya ni kwa ajili yenu nyote wawili, na kwa ajili ya watoto wenu wenye miguu mepesi.

NANI ANALIPA

Chuo cha jamii si chuo kikuu. Ni chuo cha miaka miwili. Cha kwanza cha umma kilichodumu hadi leo ni Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Humo mtu husomea ufundi, uuguzi au uhasibu, au humaliza miaka miwili ya mwanzo ya shahada kwa bei nafuu kisha akahamia chuo kikuu.

Kinaitwa cha jamii kwa sababu ni mali ya watu wa mahali pale. Katika jimbo la Kansas, nilikosoma mimi kuanzia mwaka 2003, wenye nyumba na mashamba wa kaunti hutozwa kodi ya mali yao, na sehemu ya kodi hiyo huenda chuoni. Juu yake huja fedha za serikali ya jimbo, halafu karo ya wanafunzi. Kwa sababu hiyo karo ina bei zaidi ya moja: mtoto wa kaunti hulipa kidogo, wa mbali hulipa zaidi, na mgeni kutoka nje ya nchi mara nyingi hulipa bei ya juu kuliko wote.

Nakumbuka jioni moja nilihudhuria mkutano wa bodi ya chuo, ambao huwa wazi kwa wananchi. Mzee mmoja mkulima wa ngano alisimama, akavua kofia, akauliza kwa upole kabisa: kwa nini kodi ya shamba lake imlishe kijana kutoka Afrika ili akashinde mbio? Alikuwa ananitazama bila kujua kwamba ni mimi. Sikumchukia. Kama halmashauri ya Busia ingekata kodi ya soko ili kumlisha mkimbiaji kutoka Kansas, wauza mukene wangeuliza swali hilo hilo, na si kwa upole.

MADARAJA MATATU

Michezo ya vyuo hivi husimamiwa na chama cha taifa kinachojulikana kwa herufi NJCAA. Kilizaliwa kwa ajili ya riadha. Mwaka 1937 vyuo 13 vya California viliomba kushiriki mashindano ya riadha ya vyuo vikuu, vikakataliwa. Mwaka uliofuata, 1938, vikaanzisha chama chao mjini Fresno, na mwaka 1939 vikafanya mashindano ya kwanza ya riadha mjini Sacramento. Leo chama hicho kina vyuo vipatavyo 500 katika majimbo mengi. California yenyewe ilijitoa siku nyingi na ina chama chake, na vyuo vyake vya jamii havitoi ufadhili wa michezo hata senti moja.

Ndani ya NJCAA kuna madaraja matatu, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Daraja la kwanza linaruhusiwa kumlipia mwanamichezo karo, ada, vitabu, kitanda na chakula, na hata nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Daraja la pili linaishia kwenye karo, ada, vitabu na vifaa vichache vya masomo. Daraja la tatu halitoi ufadhili wowote wa michezo.

Zingatia neno linaruhusiwa. Chuo cha daraja la kwanza hakilazimiki kukupa yote. Kocha ana fungu lake, naye huligawa kama mama agawavyo ugali: huyu nusu, yule robo, na yule mwenye kasi kuliko wote sahani nzima. Mara nyingi wachezaji wa mpira wa kikapu hupakuliwa kwanza, na wakimbiaji wa mbio za nyika husubiri masalio.

HESABU YA MLANGONI

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo mwaka wake wa kwanza. Anaruhusiwa kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mimi nilipata kazi katika ofisi ya michezo. Nilibandika stempu, nikafua jezi, na usiku wa mechi za kikapu nilikaa mlangoni na sanduku la fedha.

Nilikwenda Marekani nikidhani michezo ya vyuo inaleta mamilioni, kama tulivyokuwa tukiona kwenye televisheni. Usiku wa kwanza nilihesabu dola 412. Nilikuwa bado nazipanga noti kwa ukubwa pale mkuu wa ofisi aliponionyesha karatasi ya gharama za wiki ile: waamuzi, dereva wa basi, mafuta, chakula cha wachezaji njiani, bandeji, bima. Dola zangu 412 hazikutosha hata basi la safari moja. Na hiyo ilikuwa timu inayouza tiketi. Mbio za nyika hazina mlango. Watu husimama shambani wakapiga makofi bure.

Fedha nyingine zilitoka kwa wafanyabiashara wa mji. Muuza matairi alilipia tangazo kwenye ukuta wa uwanja, mwenye mgahawa alitoa chakula cha jioni, na kila vuli walifanya kitu ambacho sisi tungekiita harambee, pamoja na mnada wa keki na bunduki za kuwindia. Baada ya yote hayo pengo lilibaki, na chuo kilijaza pengo hilo kutoka mfuko wake wa kawaida.

Kwa nini chuo kidogo kikubali hasara hiyo kila mwaka? Nilimwuliza mkuu wa ofisi swali hilo. Akanijibu kwa swali: "Mabweni yetu yangekuwa na nani?"

FAIDA IKO KITANDANI

Jibu lake lilinifungua macho. Mji ule ulikuwa unapungukiwa vijana kila mwaka. Bila timu, nusu ya vitanda vingelala vitupu. Darasa lenye viti 30 na wanafunzi 18 humlipa mwalimu mshahara ule ule. Kwa hiyo chuo kikimsamehe mchezaji karo, hakitoi fedha mfukoni, kinampa kiti ambacho kingekuwa kitupu. Lakini mchezaji huyo akilipa kitanda na chakula, hizo ni fedha taslimu, na anapohesabiwa katika orodha ya wanafunzi husaidia pia hesabu ya fedha za jimbo.

Sasa tazama nani anaweza kulipa kitanda. Kijana maskini wa Kimarekani hupata ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell. Katika mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, wala hairudishwi. Ruzuku hiyo humlipia sehemu kubwa ya bweni. Mgeni kutoka Kapchorwa, Bujumbura au Goma anayekwenda kwa viza ya masomo hana haki nayo. Kwake kila sahani ya chakula lazima ilipwe na mtu: chuo, au mama yake.

Mfanyabiashara ataelewa haraka. Barua ya karo na vitabu peke yake ni kama mtu anayekupa duka bure ilhali mzigo wote lazima ununue kwake, kwa bei yake, kila mwezi. Huenda likawa jambo jema. Lakini usiseme umepewa duka na mzigo.

MWAKA WANGU WA PILI

Mwaka wa kwanza nilipewa sahani nzima. Nilikula mara tatu kwa siku, nilikimbia, nilifaulu hesabu na Kiingereza, na nyumbani nilituma picha nikiwa nimesimama kwenye theluji. Sikufahamu kwamba mkataba wa ufadhili ulikuwa wa mwaka mmoja wa masomo. Niliposaini, niliona jina langu na bendera, nikaridhika.

Kiangazi kocha wetu akapata kazi pengine. Kocha mpya alikuja na wakimbiaji wake, na bajeti ilikuwa imepunguzwa. Akaniita ofisini, akaniambia bila kunizungusha kwamba sasa ataweza karo na vitabu tu. Kitanda na chakula nitafute mwenyewe. Hakuvunja sheria yoyote, wala hakunitukana. Nilikubali, nikiamini kwamba saa 20 za ofisini zingetosha.

Hazikutosha. Kufikia Mei 2005 nilikuwa nadaiwa dola 2,300 za bweni. Nilikuwa nimemaliza masomo yote, lakini chuo kilikataa kutoa nakala ya matokeo mpaka deni liishe. Bila nakala hiyo hakuna chuo kikuu ambacho kingenipokea. Nikarudi nyumbani na sanduku moja na medali mbili za mbio za mkoa.

Mlio warudi mnajua kilichofuata. Jamaa walichinja mbuzi. Mjomba aliniuliza lini nitafungua ofisi. Nilisema karatasi zinakuja kwa posta. Nilisema hivyo mwaka mzima, halafu nikaacha kusema, nikaanza kuvusha viatu vya mitumba kati ya Busia mbili. Nililipa deni lile kidogo kidogo, dola 50, dola 30, kwa mkono wa rafiki aliyebaki kule. Nakala ya matokeo ilinifikia mwaka 2011. Niliifungua peke yangu nyuma ya kibanda. Alama zangu zilikuwa nzuri.

SHOKA LIKISHUKA

Msidhani yaliyonipata yalitokana na udogo wa mji ule. Hata vyuo vikubwa hukata. Phoenix, katika jimbo la Arizona, kuna mfumo wa vyuo vya jamii uitwao Maricopa, mmojawapo wa mikubwa zaidi Marekani. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilifuta kabisa ruzuku yake kwa Maricopa. Februari 2018 uongozi ukatangaza kwamba msimu wa mwaka huo ungekuwa wa mwisho kwa timu zake nne za mpira wa Kimarekani. Sababu waliyoitoa ni ya daftari: mchezo huo mmoja ulikuwa ukila karibu asilimia 20 ya bajeti yote ya michezo na nusu ya gharama za bima. Vijana waliokuwa wamefika pale kutoka mbali wakalazimika kutafuta timu nyingine au kuacha kucheza.

Huwa najiuliza wangapi kati yao walikuwa wamesoma kwamba ahadi yao ilikuwa ya mwaka mmoja.

WALIOFIKA

Haitakuwa haki nikiishia hapo, kwa maana njia hii imewafikisha wengi. Sally Kipyego, mzaliwa wa Kenya, alianzia chuo cha jamii cha South Plains katika mji mdogo wa Levelland, Texas. Kutoka hapo alihamia chuo kikuu cha Texas Tech, akawa bingwa wa vyuo vikuu mara nyingi, na mwaka 2012 akachukua medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London. Levelland ilikuwa daraja, naye akavuka.

Nawajua pia wengine ambao majina yao hayakuandikwa gazetini: muuguzi mmoja, mhasibu mmoja, fundi wa umeme. Hawakushinda kitu kikubwa. Walikwenda kwa sahani nzima, au walikwenda na jamaa aliyekuwa na uwezo wa kulipa kitanda, wakamaliza miaka miwili, wakahama na nakala zao mkononi. Tofauti yao na mimi haikuwa miguu.

MASWALI YA KUULIZA

Pale juu ya gunia nilimwandikia mama maswali nyuma ya karatasi ya risiti. Nayaandika tena hapa, maana najua kuna barua kama ile Malaba, Mutukula, Katuna na Gatumba.

Kwanza, chuo kiko daraja gani? Kama ni la pili, usitarajie kitanda kutoka fungu la michezo, hata kocha awe mwema vipi. Uliza kama chuo kina msaada mwingine.

Pili, barua inataja nini kwa jina? Karo, ada, vitabu, kitanda, chakula, bima ya afya. Kisichotajwa hakijalipwa. Neno skolashipu peke yake halishibishi.

Tatu, bweni na chakula ni kiasi gani kwa mwaka, na wakati wa likizo bweni likifungwa mtoto atalala wapi? Krismasi yangu ya kwanza nililala sebuleni kwa fundi wa chuo, Mungu ambariki.

Nne, mwaka wa pili ukoje? Mwulize kocha wazi: ufadhili huu hurudishwa kwa masharti gani, na itakuwaje akiumia goti?

Tano, nani anapokea fedha zako? Ada ya viza ya mwanafunzi hulipwa kwa ubalozi, na ilipanda kufikia dola 185 mwaka 2023. Ada ya kuandikishwa kwenye mfumo wa wanafunzi wa kigeni, iliyowekwa dola 350 mwaka 2019, hulipwa moja kwa moja kwa serikali ya Marekani. Zote mbili hulipwa na mwombaji mwenyewe, na risiti ina jina lake. Dalali anayesema fedha zipite kwake aonyeshe barua ya chuo inayomtaja. Na kwa kuwa masharti ya viza hubadilika, kama yalivyobadilika kwa Warundi mwaka 2025, ulizeni ubalozi kabla ya kulipa chochote.

Sita, tazameni daftari la chuo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inavitaka vyuo vyenye timu na vinavyopokea misaada ya serikali kwa wanafunzi kutoa kila mwaka taarifa ya mapato na matumizi ya michezo, na yeyote anaweza kuiomba au kuitafuta kwenye intaneti. Msishangae mkiona mapato na matumizi yanalingana hadi dola ya mwisho, kwani mara nyingi fedha za chuo chenyewe za kujaza pengo huhesabiwa humo kama mapato. Tazameni badala yake timu ya mtoto wenu ina wachezaji wangapi na inatumia kiasi gani. Timu ya wakimbiaji 40 yenye fedha kidogo haiwezi kuwalisha wote.

IJUMAA

Jioni ile tulimwandikia kocha barua pepe kutoka mkahawa ule ule. Binti aliandika mwenyewe, kwa Kiingereza chake kizuri. Jibu lilikuja usiku. Kocha alisema chuo chake ni cha daraja la pili, bweni na chakula havimo, na kwamba yule dalali hamjui. Alisema pia kwamba bado angependa awe na binti huyo, na kama familia haiwezi, atampa majina ya makocha wawili wa daraja la kwanza.

Ijumaa mnunuzi wa kiwanja alikuja, akaondoka na fedha zake. Dalali naye alikuja. Mama alimkaribisha chai, akamwonyesha jibu la kocha, na dalali hakumaliza chai.

Nilipokwenda kuaga, binti alikuwa ametoka mazoezini, viatu vimejaa vumbi jekundu. Aliniuliza, "Mjomba, kama wangekuita leo, ungekwenda tena?"

Nikamwambia ningekwenda. Kule ndiko nilikojifunza hesabu, na nilikimbia mbio ambazo bado naziota. Lakini ningeomba siku tatu za kusoma barua.

Mama alikuwa akipima mukene kwa mkebe, hakuinua kichwa. "Siku tatu," alisema, "ni soko moja tu kupita." Wale makocha wawili wameandikiwa. Mpaka naandika makala haya, mmoja amejibu akitaka kujua muda wake wa mita 3,000. Kiwanja kipo, na mwezi huu mama amekipanda mahindi.